Harusi, Mazishi na Reale za Vienna

Katika makumbusho ya sanaa ya Kunsthistorisches, mjini Vienna, kuna binti wa mfalme anayekua ukutani. Kwenye picha ya kwanza ana miaka miwili au mitatu, kavaa gauni la waridi, kashika upepeo, na pembeni yake pana chombo cha maua juu ya meza. Kwenye ya pili katimiza mitano na gauni ni jeupe. Ya tatu ilichorwa 1659, naye ana minane. Gauni ni la buluu na limetanuka huku na huku hata mikono yake haipati pa kushukia. Zote ni kazi ya Diego Velázquez. Msichana ni Margarita Teresa, binti wa mfalme wa Hispania, yule yule anayesimama katikati ya picha mashuhuri ya Las Meninas iliyoko Madrid.

Hazikuchorwa kupamba ukumbi. Zilitumwa Vienna ili Kaisari Leopold wa Kwanza amwone mchumba wake anavyokua. Mchumba huyo alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Walioana 1666, bibi harusi akiwa na miaka 15, na inasimuliwa kwamba hata baada ya ndoa aliendelea kumwita mumewe mjomba. Alifariki 1673, hajafikisha hata miaka 22.

Ukiisogelea ile picha ya buluu mpaka mlinzi aanze kukukazia macho, gauni linatoweka. Hariri haipo, uzi wa fedha haupo. Iliyopo ni michirizi ya rangi, mingine ya kijivu, mingine myeupe, iliyopakwa upesi upesi na mtu aliyejua hasa anachokifanya. Rudi nyuma hatua chache, na hariri nayo inarudi. Nililifanya jambo hilo mara kadhaa, na mlinzi akanivumilia.

Anayekwenda Vienna kuangalia makasri na makumbusho afadhali aanzie chumba hiki. Akishakielewa, mji uliobaki haumpi taabu. Ukoo wa Habsburg ulitawala hapa tangu karne ya 13 hadi 1918, na sehemu kubwa ya milki yake uliipata kwa kuoa na kuozesha. Jeshi walikuwa nalo, tena si dogo, lakini posa iliwapatia Uholanzi, Hispania, Bohemia na Hungaria kwa gharama ndogo kuliko mizinga. Ndiyo maana picha nyingi hapa ni za watu waliokuwa wakiangaliwa na wakwe.

Jengo lenyewe lilifunguliwa 1891. Mkabala wake, ng'ambo ya bustani, limesimama jengo pacha la makumbusho ya viumbe na mawe, na katikati amekaa Malkia Maria Theresa wa shaba, mkubwa kama nyumba. Ngazi za makumbusho ya sanaa ni za marumaru, na juu, kwenye nafasi finyu kati ya nguzo, kuna michoro ya Gustav Klimt, aliyoifanya alipokuwa bado kijana anayesaka kazi. Wengi hupita bila kuinua macho, kisha wakapange foleni kwingineko kumtafuta Klimt huyo huyo. Jumatatu pamefungwa, isipokuwa Juni hadi Agosti. Alhamisi pako wazi hadi saa tatu usiku, na hiyo ndiyo saa nzuri. Aliye chini ya miaka 19 halipi kitu.

Kama una muda wa chumba kimoja tu, basi ni cha Pieter Bruegel. Picha zake za rangi zilizobaki duniani ni takriban 40, na 12 ziko hapa. Hakuna makumbusho mengine yenye nyingi kiasi hicho. Mnara wa Babeli wa 1563 uko hapa, na michezo ya watoto ya 1560 iko hapa. Lakini watu hujazana mbele ya wawindaji wanaorudi kwenye theluji, picha ya 1565.

Inastahili kutazamwa polepole. Wawindaji watatu wametupa mgongo, vichwa chini, na mbwa wao wamechoka kuliko wao. Siku nzima wamepata mbweha mmoja, naye ananing'inia kwenye mkuki. Kushoto, mbele ya nyumba ya wageni, watu wamewasha moto wa kubabua nguruwe, na kibao cha nyumba hiyo kimekatika upande, kinaning'inia kwa kulabu moja. Bondeni chini maji yameganda na watu wanateleza juu yake, wengine wakivutana kwa vigari vya kuburuta. Mwanamke anavuka daraja na mzigo wa kuni. Mbali zaidi, pale ambapo jicho halifiki mpaka limezoea, bomba la moshi la nyumba moja linawaka moto, na watu wadogo kama punje za mchele wanakimbilia huko na ngazi. Hakuna mwingine katika picha nzima aliyegeuka kutazama.

Picha hiyo ilikuwa moja ya mfululizo wa majira ya mwaka ulioagizwa na tajiri wa Antwerp, Niclaes Jonghelinck. Zimebaki tano: tatu ziko Vienna, moja New York, moja Prague. Zilichorwa juu ya mbao, na rangi zake bado zina ubaridi.

Hatua chache pembeni ni harusi ya wakulima. Wanaume wawili wamebeba mabakuli ya uji juu ya mlango uliong'olewa, mtoto mwenye kofia kubwa analamba sahani sakafuni, wapiga zumari wanakikodolea chakula macho. Bibi harusi ameketi chini ya taji la karatasi, mikono imekutana, macho ameyafumba nusu, hasemi na mtu, kama bibi harusi wa Lamu siku ya kutolewa nje. Bwana harusi ni yupi? Wataalamu wamebishana miaka na miaka bila kukubaliana. Baada ya chumba cha Margarita Teresa, hii ni harusi ya watu wasio na mchoraji wa kuwatumia wakwe picha, na nakiri inachangamsha zaidi.

Ghorofa ya chini ndiko kwenye vitu vya thamani ambavyo si picha. Maarufu kuliko vyote ni chombo cha chumvi cha dhahabu kilichotengenezwa na Benvenuto Cellini kati ya 1540 na 1543 kwa ajili ya Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa. Mungu wa bahari na mungu wa kike wa ardhi wameketi uso kwa uso, miguu ikipishana. Chumvi hukaa ndani ya kijimashua upande wa bahari, pilipili manga ndani ya kijihekalu upande wa ardhi. Kilifikaje Austria? Kwa harusi, bila shaka. Mwaka 1570 mfalme wa Ufaransa alimwoa binti wa Kihabsburg, na ami ya bibi harusi, aliyesimama mahali pa bwana harusi kwenye ndoa ya uwakilishi, akapewa zawadi hiyo.

Usiku mmoja wa Mei 2003 mtu alipanda jukwaa la mafundi waliokuwa wakikarabati jengo, akavunja dirisha, akavunja kabati la kioo, akaondoka nacho. King'ora kililia na kikapuuzwa. Miaka karibu mitatu polisi walihangaika, mpaka Januari 2006 kilipofukuliwa msituni karibu na mji wa Zwettl, ndani ya sanduku la madini ya risasi. Mwizi alikuwa fundi wa mitambo ya ving'ora. Chombo kina michubuko michache, ambayo huioni mpaka uionyeshwe.

Ukivuka barabara ya Ring, iliyojengwa baada ya Kaisari Franz Joseph kuamuru 1857 kuta za mji zibomolewe, unaingia Hofburg, jumba la Wahabsburg. Hili halikujengwa mara moja. Kila mtawala aliongeza upande wake kwa miaka zaidi ya 600, na leo limekuwa kijiji cha mawe chenye viwanja, kanisa, shule ya farasi weupe, maktaba, na ofisi ya rais wa nchi. Vyumba vya Franz Joseph na mkewe Elisabeth ndivyo vinavyovuta umati. Elisabeth, anayeitwa Sisi, aliuawa Geneva 1898 kwa kuchomwa tupa kifuani, na tangu hapo uso wake haujapumzika: uko kwenye vikombe, kwenye chokoleti, kwenye miavuli. Vyumba vyenyewe nilivipita haraka. Hazina iliyo humo humo Hofburg ina mambo zaidi, likiwemo taji la dhahabu la karne ya 10 lenye pande nane na mawe makubwa yasiyochongwa. Humo pia kuna pembe ndefu kuliko mtu, ambayo kwa karne nyingi iliaminika kuwa ya mnyama wa hadithi mwenye pembe moja. Ni jino la nyangumi mdogo wa bahari ya barafu. Wahabsburg waliithamini kiasi cha kuandika kwamba isiuzwe wala kugawanywa katika mirathi kamwe.

Kwenye kiwanja cha Josefsplatz, upande wa maktaba, watalii hupiga picha sanamu ya farasi na kuendelea. Hapa msomaji wa Kiswahili angesimama kidogo. Karne ya 18 Vienna ilikuwa na Mwafrika aliyejulikana na mji mzima, Angelo Soliman. Aliletwa Ulaya akiwa mtoto mtumwa, akapitia Sicily, akatolewa zawadi kwa jenerali mmoja, kisha akahamia nyumba ya Prinsi Liechtenstein. Alisema lugha kadhaa, alicheza sataranji na wakubwa, alimwoa mjane wa Kizungu 1768, na miaka ya 1780 akawa mwanachama wa chama cha Wamasoni pamoja na watu waliofahamiana na Mozart. Alikuwa, kwa kila kipimo cha mji ule, bwana mkubwa.

Alipofariki 1796, kwa idhini ya Kaisari Franz wa Pili, ngozi yake ilichunwa na kuvalishwa kwenye umbo la mbao. Ikavikwa manyoya na shanga za kome, vitu ambavyo Soliman hakuvivaa maishani mwake, ikawekwa hapa Josefsplatz, kwenye mkusanyo wa Kaisari wa viumbe, pamoja na wanyama waliokaushwa. Binti yake Josephine aliomba mwili wa babaye uzikwe. Akakataliwa. Mabaki hayo yaliteketea kwa moto mwaka 1848, mji ulipopigwa mizinga wakati wa mapinduzi. Bado anakumbukwa, vitabu vimeandikwa na maonyesho yamefanywa, lakini kwenye njia ya kawaida ya mtalii jina lake hulikuti. Mwongozo wa sauti niliokodi ulikuwa na dakika tele za kuzungumzia nywele za Sisi.

Mtoto wa kiume wa Franz Joseph na Sisi naye ana uhusiano na Afrika Mashariki, ingawa hakufika huko. Mwanamfalme Rudolf alikuwa rafiki wa Sámuel Teleki, kabaila tajiri wa Kihungaria mwenye mwili mkubwa na bunduki nyingi. Mwanzoni mwa 1887 Teleki na ofisa wa majini Ludwig von Höhnel waliondoka Pangani na msafara wa mamia ya wapagazi, wakiongozwa kwa sehemu kubwa na ujuzi wa mfanyabiashara wa pembe Jumbe Kimemeta, aliyeifahamu bara kabla yao. Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini ambalo wenyeji walikuwa nalo na majina yake tangu zamani. Teleki akaliita Rudolf. Ziwa jingine dogo upande wa Ethiopia wakalipa jina la mke wa Rudolf, Stefanie.

Walirudi pwani mwishoni mwa mwaka huo. Tarehe 30 Januari 1889, Rudolf, mwenye miaka 30, alikutwa amekufa katika nyumba ya uwindaji ya Mayerling pamoja na msichana wa miaka 17, Mary Vetsera, na habari hiyo imeandikiwa vitabu vingi kuliko utawala mzima wa baba yake. Jeneza lake liko chini ya kanisa la Wakapuchini, mwendo mfupi kutoka Hofburg, kando ya majeneza ya wazazi wake. Humo wamelala takriban watu 150 wa ukoo. Kwa karne kadhaa desturi ilikuwa kuwagawa: mwili hapa, moyo ndani ya chombo cha fedha kwenye kanisa la Waagustino, matumbo chini ya kanisa kuu la Stefano. Na lile ziwa, Kenya ililiita Turkana mwaka 1975. Jina la Teleki bado liko kwenye ramani, katika bonde moja la Mlima Kenya.

Kasri la Schönbrunn liko nje kidogo ya katikati ya mji, na treni ya chini ya ardhi inakufikisha mlangoni. Lina vyumba 1,441, ambavyo mgeni anaruhusiwa kuviona visivyozidi 40 hivi, na baada ya cha ishirini unashukuru. Rangi ya nje ni njano ya haradali, ndani ni nyeupe na dhahabu. Humo Franz Joseph alizaliwa 1830 na humo akafa 1916, baada ya kutawala miaka 68, juu ya kitanda cha chuma ambacho hakipishani sana na cha bweni la shule ya bweni. Katika ukumbi wa vioo, Mozart wa miaka sita alimpigia Maria Theresa kinanda mwaka 1762.

Huyo Mozart ana kioja chake ukumbi wa sherehe. Kuna picha kubwa za harusi ya mwaka 1760 ya Joseph, mtoto wa Maria Theresa, na Isabella wa Parma: msururu wa magari ya farasi usiokwisha, karamu, umati. Ndani ya umati huo amekaa mtoto Mozart. Siku ya harusi alikuwa na miaka minne, yuko Salzburg, wala hajulikani na mtu. Lakini picha zilichukua miaka kumalizika, na kufikia hapo mtoto alikuwa ameshakuwa nyota, basi akaingizwa. Walioalika wageni walikuwa wachoraji.

Kwenye bustani kuna mbuga ya wanyama ya 1752, ya zamani kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo duniani. Mwaka 1828 Muhammad Ali Pasha wa Misri alimtumia Kaisari twiga, kama alivyowatuma wengine Paris na London. Vienna ikashikwa na wazimu wa twiga: nguo, glavu, manukato, hata vyakula vikapewa jina lake. Twiga mwenyewe hakumaliza mwaka.

Kutoka hapo wengi huenda Belvedere, jumba la Prinsi Eugene wa Savoy, aliyekuwa jemadari bora wa Wahabsburg na ambaye Louis wa Kumi na Nne alikuwa amemkataa jeshini. Picha ya Klimt ya wapenzi wanaobusiana, futi sita kwa sita, iko hapo tangu serikali iliponunua 1908. Simu zimeinuliwa mbele yake mchana kutwa. Dhahabu yake ni ya kweli, na picha ni nzuri, lakini kuiona ni kazi ya viwiko. Zamani ilikaa nyumba moja na picha ya dhahabu ya Adele Bloch-Bauer, ambayo Wanazi waliipora kutoka kwa familia ya Kiyahudi. Mpwa wake Adele, Maria Altmann, aliidai Austria mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na 2006 akarudishiwa. Sasa iko New York. Maduka ya Vienna yaliendelea kuuza uso wake kwenye mifuko.

Ukiteremka bustani ya Belvedere hadi mlango wa chini, mwendo mfupi unakufikisha Am Heumarkt, kwenye kiwanda cha serikali cha kufua sarafu. Chenyewe hujitajia mwaka 1194, fedha iliyotozwa kumkomboa Mfalme Richard wa Uingereza ikiwa ndiyo mtaji wa kwanza. Watalii wa makasri hawafiki sana, ila kwa mtu wa pwani hakuna nyumba Vienna iliyo karibu zaidi na kwao. Hapa ndipo inapofuliwa reale ya Maria Theresa.

Ni sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 28 na upana wa sentimita nne. Upande mmoja ni tai mwenye vichwa viwili. Upande wa pili ni malkia, kidevu cha pili kikionekana wazi, kavaa shela ya ujane aliyoivaa tangu mumewe alipofariki 1765, na bruchi ya lulu begani. Ukingoni kuna maandishi na mapambo, ambayo yalikuwa na kazi: mtu akiipunguza fedha kwa tupa inajulikana mara moja. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Ethiopia na Arabuni waliiamini kuliko nyingine yoyote. Walizihesabu lulu za bruchi, na iliyofifia waliirudisha. Malkia alipokufa 1780 wateja hao hawakutaka uso mwingine, kwa hiyo mwaka ukabaki ule ule.

Unguja ya Seyyid Said ilihesabu forodha yake kwa reale hizi. Pembe za ndovu ziliuzwa kwa reale, karafuu kwa reale, na watu waliouzwa sokoni walitiwa bei kwa reale. Mafundi wa Oman waliziyeyusha kufua vikuku na vidani. Baadaye karne ya 19 rupia ya India ilizipiku, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultan Barghash akatoa reale yake yenye jina lake. Lakini Ethiopia haikuziacha. Mussolini alipojiandaa kuivamia nchi hiyo 1935, alijipatia haki ya kuifua Roma ili awe na fedha itakayopokelewa huko. Waingereza nao wakajibu kwa kuifua London na baadaye Bombay. Mifupa ya mwenye uso huo ilikuwa imeshalala kwa Wakapuchini zaidi ya miaka 150.

Dukani kwao reale inauzwa bado, mpya, inang'aa, imeandikwa 1780. Muuzaji hukupa bei baada ya kuangalia fedha imefungaje siku hiyo sokoni, na akisikia umetoka Afrika Mashariki huenda asione ajabu: wateja wa upande huo wamekuwapo muda mrefu.